Chungu cha Lupingu Kwenye Maonyesho ya Makambako

Tangu turudi, kila mtu ananiuliza swali lile lile. Mama Kolumba aliniuliza ufukweni tukiosha vyombo. Walimu wenzangu waliniuliza mbele ya wanafunzi. Jirani yangu wa upande wa kusini huja jioni kuomba chumvi, akakaa mpaka nimsimulie kidogo. Wote nimewajibu nusu nusu, kwa sababu mambo yenyewe sikuyaelewa yalipokuwa yakitokea, na mengine siyaelewi mpaka leo. Basi nimeona niyaandike kama yalivyofuatana. Atakayetaka aje asome, mimi niendelee na kazi zangu.

Barua iliyotuondoa hapa mnaikumbuka. Ilitoka kwa walimu na wazee wa huko juu. Walisema wanaandaa maonyesho ya kazi na historia ya watu weusi wa sehemu zetu, ili watoto wajue kwamba babu na bibi zao waliyeyusha chuma, walifuma, walifinyanga na walitibu wagonjwa kabla Mzungu yeyote hajapanda milima hii. Kila kijiji kiliombwa kipeleke "vyombo vya wazee." Jumbe alinipa mimi niisome mbele ya watu, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza.

Wazee wawili waliposikia "maonyesho" walidhani ni maonyo, wakataka kujua tumekosa nini hata tuonywe. Jumbe naye aliposikia "vyombo" aliwaza mitumbwi, kwa kuwa kwetu Lupingu, sisi watu wa Ziwa Nyasa, chombo ni cha kupanda majini. Akauliza, kwa upole kabisa, ni vijana wangapi watahitajika kubeba mtumbwi kuupandisha mlimani. Asubuhi nzima ikaishia kwenye hesabu ya mabega. Mwishowe Shangazi Teresia akasimama. Huyu, kwa asiyemjua, ni dada wa marehemu baba yangu, na hakuna mwanamke ufukweni mwetu anayefinyanga kumshinda.

"Chombo ni chungu," akasema. "Mimi nitapeleka cha mama yangu. Yustina atanisindikiza, yeye ndiye anayejua kusoma."

Chungu hicho wengi wenu mmekiona tu kwa mbali, juu ya dari ya jiko lake. Ni chekundu, kina tumbo pana na shingo fupi, na chini ya ukingo kina mistari myeupe iliyochorwa kwa kidole. Mama yake Shangazi, yaani bibi yangu, alikifinyanga kabla ya njaa ile iliyofuata vita vya Maji Maji. Njaa hiyo ndiyo iliyomchukua. Shangazi alikuwa mtoto mdogo wa kuchota maji kwa kibuyu, na baba yangu alikuwa bado anatambaa. Kitu kingine cha mkono wake hakikubaki.

Kupanda mlima

Tuliondoka na chungu hicho na vingine viwili vipya ambavyo Shangazi alivifinyanga mwenyewe, ili watu waone, alisema, kwamba mkono haujafa. Kila kimoja tulikifungia majani makavu ya migomba, tukakitia kwenye wavu. Cha bibi alikibeba yeye. Mimi nilibeba viwili vipya, kimoja kichwani na kingine mgongoni, pamoja na kifurushi cha dagaa wa usipa wakavu na unga wa muhogo.

Ule mlima mnaujua kwa kuutazama. Kuupanda ni habari nyingine. Njia inapinda mpaka unafika mahali unapodhani umepanda sana, ukigeuka unaona paa la nyumba yako liko pale pale. Tulipanda na wanaume wawili waliokuwa wakipeleka samaki juu kubadilisha na mahindi. Walikuwa wakitupita, wanakaa kutungoja, kisha wanatupita tena, na kila wakitungoja wananitazama mimi kwa huruma na kumtazama Shangazi kwa heshima.

Karibu na adhuhuri mvua nyembamba ilianza. Shangazi alinionya nikanyage kwenye mizizi, nisikanyage udongo. Nikakanyaga mzizi, nikateleza. Sikuanguka mimi. Kilichoanguka ni chungu cha kichwani, kikaruka mara moja, kikapasuka kwenye jiwe chini yetu. Nilibaki nimeshika kata tupu ya kichwani. Nilingoja anigombeze, lakini Shangazi alishuka polepole mpaka kwenye vile vigae, akaokota kimoja, akakitazama mahali kilipovunjika.

"Hakikuiva vizuri," akasema. "Ndani bado cheusi. Afadhali kimevunjika hapa kuliko kuniaibisha mbele ya watu."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alikuwa ananifariji.

Upande wa Liganga

Juu kuna baridi ambayo sikuwahi kuiwazia. Ukungu ulikuwa unapita kati yetu kama moshi wa majani mabichi, na Shangazi alijifunga kanga zake zote tatu. Siku ya pili jioni tulifika kwenye vijiji vya Wapangwa karibu na Liganga, mahali ambapo mawe ni meusi na mazito kuliko mawe ya kawaida. Wale wanaume wenye samaki walitupeleka kwenye nyumba ya rafiki yao, mama mmoja mjane aitwaye Mama Haule, wakaendelea na safari yao.

Mama Haule alitupokea vizuri sana. Alitupa ugali wa ulezi na maharage, akatusogeza karibu na moto, akamwambia Shangazi maneno mengi ya Kipangwa. Shangazi aliitikia kwa Kikisi chetu. Kila mmoja alielewa neno moja katika matatu na kukisia mawili yaliyobaki. Marehemu mume wa Mama Haule alikuwa wa ukoo wa wafua chuma. Alituonyesha jembe la zamani lenye mkia mrefu, ambalo baba mkwe wake aliyeyusha chuma chake kutoka kwenye mawe yale yale tuliyoyapita njiani. Nilimwuliza kwa nini halipeleki kwenye maonyesho.

"Mwanangu ametangulia na jingine," akasema kwa Kiswahili. "Hili ni la kulimia." Kesho yake asubuhi nilimwona akilimia kweli.

Lakini kabla ya kumwona shambani niliona jambo lililonitoa jasho katika baridi ile. Chungu cha bibi kilikuwa kimefunguliwa majani, kimewekwa katikati ya nyumba, na kimejazwa mahindi mpaka kwenye ukingo. Shangazi alikuwa amekaa pembeni yake, mikono magotini.

"Amekinunua," akaninong'oneza.

Ndipo nilipokumbuka. Bibi zetu walipokuwa wakipandisha vyungu huku, bei ya chungu ilikuwa nafaka inayokijaza. Mama Haule alikuwa ameona wanawake wawili wa Kikisi wameingia na vyungu, akachagua kile alichokipenda, akalipa kwa haki kama mama yake alivyokuwa akilipa. Hakukuwa na ujanja wowote. Na sisi tulikuwa tumekula ugali wake.

Aliporudi na jembe begani nilianza kumweleza. Nilitumia Kiswahili cha darasani, nikasema chungu hiki ni cha historia. Akaitikia kwa kichwa. Nikasema hakiuzwi. Akamtazama Shangazi kama anayeuliza kama mahindi yamepungua, akaenda ghalani, akaleta kikapu kingine. Kadiri nilivyoeleza ndivyo mahindi yalivyoongezeka. Mwishowe Shangazi alininyamazisha kwa mkono. Akakigusa chungu, akajigusa titi, akasema neno moja ambalo ni lile lile kwa Kikisi na kwa Kipangwa na kwa Kiswahili.

"Mama."

Mama Haule aliweka kikapu chini. Alipiga magoti, akaanza kuyatoa mahindi kwa viganja, polepole, kama anayetoa mayai kwenye kiota. Shangazi alimpa chungu kipya kilichobaki, na mahindi yakahamia humo. Yaliyozidi Mama Haule alitufungia kwenye kitambaa, akatukatalia kuyaacha.

Lori

Tukatembea siku nyingine mbili hadi barabara ya magari, tukakaa kando yake siku moja na nusu. Sitawachosha na habari za kungoja. Nitasema tu kwamba tulikula mahindi ya Mama Haule ya kukaanga mpaka taya zikauma, na kwamba kila mtu aliyepita alituambia lori litakuja "sasa hivi" kwa uso wa mtu anayejua.

Lilipokuja lilikuwa limejaa magunia ya ngano. Dereva wake alikuwa mtu mrefu aliyerudi kutoka vita vya Burma miaka michache iliyopita, bado anavaa koti la jeshi. Alituuliza tunapeleka nini. Nikasema chungu. Akauliza ndani kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Akafikiri kidogo.

"Mnasafiri siku zote hizi kupeleka chungu kitupu?"

"Ndiyo," nikasema, na niliposikia sauti yangu mwenyewe nami nikaanza kushangaa.

Shangazi hakujua Kiswahili kingi lakini hilo alilielewa. Aliniambia nimwambie kwamba kule wanataka watoto wauone mkono wa aliyekifinyanga. Nikamwambia. Dereva alivua koti lake, akakizungushia chungu, akamkalisha Shangazi mbele, chungu kati ya miguu yake. Mimi nilipanda juu ya ngano. Njia nzima dereva alikuwa akipunguza mwendo kwenye kila shimo, na kila akipunguza alitoa kichwa nje ya dirisha kuniambia nishike kamba, ingawa mimi nilikuwa nimeshaishika tangu mwanzo.

Njombe

Tuliteremka Njombe asubuhi na mapema. Baridi ya huko ilikuwa imeacha kitu cheupe juu ya majani, nikakigusa kikayeyuka. Watu waliokuwa wakipita walitusalimu, "Kamwene." Shangazi alisikia "mwene" tu, akadhani wanamwita chifu. Alijinyoosha shingo kidogo na kuitikia kwa kichwa, kila mara, barabara nzima. Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Nilimwuliza askari mmoja maonyesho yako wapi. Aliniangalia nilivyokuwa sina koti la baridi, akaangalia kifurushi, akatuonyesha mstari mrefu wa watu nje ya jengo lenye bati. Tukajipanga. Mbele yetu walikuwa wanawake wenye watoto, nyuma yetu wanafunzi. Nilifurahi kuona watu wengi hivyo wamekuja kwa ajili ya historia yao. Nilishangaa kidogo tu kwamba hakuna aliyebeba kitu.

Jua lilikuwa limepanda tulipofika mezani. Mtu aliyevaa koti jeupe hakutuangalia usoni.

"Tumekuja kwenye maonyesho," nikasema.

"Onyesha mkono," akajibu.

Nikaunyoosha. Nilipohisi mkwaruzo wa sindano nilikuwa bado nadhani ni utaratibu fulani wa kuandikishwa. Shangazi naye alinyoosha wake, na hivyo ndivyo sisi wawili tulivyochanjwa ndui siku ile, kwa hiari yetu wenyewe. Yule mganga alipoinua kichwa na kuona chungu kimefungwa majani, aliuliza kama nimeleta dawa za kienyeji. Nikampa barua. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunjua sehemu ya chini iliyokuwa imejikunja na kuingia masizi, akaweka kidole pale.

"Njombe ni mahali barua ilipoandikwa," akasema. "Maonyesho ni Makambako. Yameanza jana."

Wenzangu, nimefundisha kusoma miaka sita. Nimewachapa watoto mikono kwa kusoma mstari wa kwanza na kukisia iliyobaki. Nilisimama pale mkono ukiniwasha, nikakosa hata namna ya kumwambia Shangazi. Nilipomwambia, aliuliza Makambako ni umbali gani. Nikasema kwa miguu ni siku mbili nzuri. Akauliza kama chungu ni kizima. Nikasema ni kizima.

"Basi," akasema.

Usiku ule tulilala Yakobi, kwa familia ya Walutheri ambao yule mganga alitupa jina lao. Walisali kwa Kibena muda mrefu kabla ya kula, na Shangazi, aliyekuwa na njaa, alisema amina mara tatu mahali pasipo amina. Walitupa viazi na njegere na kipande cha sabuni. Kesho yake baba wa nyumba ile alitutafutia nafasi kwenye gari la magome ya miwati ya kutengenezea ngozi.

Makambako

Makambako ni upepo. Ulikuwa ukivuma tulipofika na ulikuwa bado ukivuma tulipoondoka. Maonyesho yalikuwa kwenye shule, madarasa mawili yaliyotolewa wanafunzi, na madawati yamepangwa kama meza. Nilipoingia nilisahau uchovu. Palikuwa na majembe ya Upangwa na mivukuto ya wafua chuma, mikuki, nguo za magome ya miti, chumvi iliyochujwa kwenye majivu, mikeka, ngoma, na mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi ambayo ilikuwa bado inanuka. Wazee walikuwa wakitembea kati ya vitu hivyo wakicheka chini chini, kama watu waliokutana na marafiki wa utotoni. Watoto walikuwa wakiuliza hiki ni nini, na safari hii wakubwa walikuwa na jibu.

Shangazi alikaa nje na wanawake waliompa uji. Mimi nilikipeleka chungu kwa karani wa kamati, kijana msafi mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliniuliza kimetoka wapi, nikasema Lupingu. Akauliza kama ni cha zamani, nikasema cha zamani sana. Akauliza kama aliyekifinyanga yuko, nikasema hayuko, alikufa zamani. Akaandika kikaratasi, akakibandika mbele ya chungu, nami nikaenda kunywa uji. Sikukisoma. Baada ya yale ya Njombe, mngetegemea ningesoma.

Siku ya pili yake tuliingia pamoja. Shangazi alitembea moja kwa moja mpaka kwenye chungu cha mama yake. Kilikuwa kimewekwa vizuri, mahali penye mwanga. Alikitazama kwa muda, akanionyesha kikaratasi.

"Kimesema nini?"

Kilikuwa kimeandikwa: *Chungu cha Ziwa Nyasa. Mfinyanzi hajulikani.*

Ningeweza kumdanganya. Neno moja tu lingetosha, na angerudi nyumbani na furaha yake. Lakini alikuwa amenichukua kwa sababu ninajua kusoma, na mara moja nilikuwa nimeshamsomea vibaya. Nikamwambia kama kilivyo.

"Hajulikani na nani?" akauliza.

Nilikwenda kwa karani. Nikamweleza kwamba mfinyanzi anajulikana, binti yake ndiye huyu. Karani alisikiliza kwa adabu. Kisha akanieleza utaratibu, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Meza hii, alisema, ni ya vitu vya kale. Vitu vya kale, waliovitengeneza hawajulikani, ndiyo maana vikaitwa vya kale. Kitu chenye jina la mtu ni kazi ya mikono, na kazi za mikono ziko darasa la pili, pamoja na vitambaa na mikeka mipya. Nikitaka jina liandikwe, chungu kitahamia huko.

"Lakini kina umri mkubwa kuliko mimi na wewe," nikasema.

"Kweli."

"Sasa jina litakipunguzia umri?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa dhati. "Mimi nimekuta orodha imepangwa hivyo," akasema.

Sauti zetu zilikuwa zimepanda, na mwalimu aliyesimamia maonyesho yote akaja. Jina lake ni Mwalimu Mgaya, Mbena, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nilimweleza tena tangu mwanzo. Wakati ninaeleza, Shangazi alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo la chungu na hakukiondoa.

Mwalimu Mgaya hakumjibu karani wala mimi. Alikibandua kile kikaratasi, akakikunja, akachukua kipya na kalamu. Akamgeukia Shangazi.

"Mama," akasema, "sisi tumefanya kazi hii yote ili watu wetu wasiitwe wasiojulikana. Nisamehe. Niambie jina lake, niliandike hapa hapa, na chungu hakitoki kwenye meza hii."

Nikamtafsiria. Shangazi alifungua mdomo.

Mnamjua Shangazi. Hajawahi kukosa neno. Niliona midomo yake inaanza, kisha inasimama. Akanitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumkumbusha, nami nikagundua kwamba sijui. Sikuwahi kuuliza. Kwetu alikuwa bibi tu, bibi aliyekufa na njaa.

"Sisi tulimwita mama," Shangazi akasema polepole. "Majirani walimwita mama wa watoto wake. Baba alipooa mke mwingine tulihama, na jina lake halikutajwa tena nyumbani." Aliinua kidole chake cha shahada. "Nakumbuka kidole chake kikichora mistari hii. Kidole hiki. Alikilowesha kwanza mdomoni. Wimbo alioimba akipiga udongo naukumbuka wote. Jina sina, Yustina. Nimekuja mpaka huku, na jina sina."

Alisema kwa Kikisi, na sikujua nitafsiri vipi. Watu walikuwa wamesimama. Mwalimu Mgaya alinitazama akisubiri, na mimi nilikuwa nimekasirika na sikujua nimkasirikie nani, karani, au babu yangu, au mimi mwenyewe. Karatasi ile ya kwanza ilikuwa imetuumiza, na ilikuwa imesema kweli.

Mwishowe nikamwambia, "Hajui."

Karani aliinamisha macho. Namshukuru kwa hilo. Mwalimu Mgaya alikaa kwenye dawati lililokuwa karibu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mimi baba wa babu yangu simjui jina," akasema.

Ni Shangazi aliyeimaliza kazi ile. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaniambia nimwambie mwalimu aandike hivi. Na mwalimu akaandika, kwa herufi kubwa nzuri: *Chungu cha Lupingu. Amekifinyanga mama yake Teresia.* Chini yake aliacha mstari mtupu. Kwenye daftari lake kubwa, ambalo limeorodhesha kila kitu kilicholetwa na litabaki shuleni pale, aliacha mstari mtupu vile vile.

"Mkilipata, niandikieni," akasema. "Nafasi ipo."

Siku ile na siku iliyofuata Shangazi hakuondoka pale mezani. Kila kundi la watoto lilipofika aliwaonyesha kwa mikono mitupu jinsi udongo unavyopigwa na kuzungushwa, na jinsi kidole kinavyoloweshwa. Aliwaimbia ule wimbo. Hawakuelewa hata neno moja, wakauimba pamoja naye.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi, kama kurudi kunavyokuwa, na sina mengi ya kusema. Shangazi alikibeba tena chungu cha mama yake. Tulipofika kwenye ukingo wa mlima na ziwa likaonekana lote chini yetu, hakulitazama. Alikuwa anahesabu kwa vidole, kwa sauti ndogo, wazee waliobaki hai ufukweni kwetu.

Walikuwa wawili tu wenye umri wa kutosha kumkumbuka bibi. Tulikwenda kwanza kwa Bibi Agata, ambaye sasa haoni, mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi. Shangazi hakumaliza swali. Bibi Agata alisema, "Tulalumba. Tulikuwa tukichimba udongo shimo moja. Alikuwa mchekeshaji." Shangazi alilia pale pale, na mimi pia, na tulirudi tukilitamka jina hilo kila kasia lilipoingia majini.

Kesho yake, kwa kutaka tu kuhakikisha, tukaenda kwa yule mwingine, mzee mchonga mitumbwi wa kijiji cha pili. Alifikiri kidogo.

"Aliyekuwa akichora mistari myeupe? Nyamwela," akasema. "Nyamwela. Nyumba yao na yetu zilitazamana."

Tukamwambia la Bibi Agata. Akatikisa kichwa, akasema Agata anamchanganya na mwingine. Tukarudi kwa Bibi Agata. Naye akasema mzee huyo hata majina ya watoto wake humpotea. Labda moja ni la utotoni na jingine la ukubwani. Labda ni watu wawili, na mmoja wao si wetu. Nimewauliza wote mara mbili, kila mmoja peke yake, na kila mmoja ameshikilia lake.

Jana nilikaa na karatasi na kalamu kumwandikia Mwalimu Mgaya, nikamwuliza Shangazi niandike lipi. Alikuwa anapiga udongo, akaendelea kuupiga mpaka nikadhani hakunisikia.

"Andika yote mawili," akasema. "Yeye mwenyewe ataitikia lake."